Ndege ya Kutua Wima na Beseni ya Mama Sandrine

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Bunia, mu ofisi ya polisi, sous-commissariat ya quartier, siku ya posho (Jumamosi) tarehe 9 mwezi wa tano 2015, kuanzia saa tatu na dakika makumi ine asubuhi.

Jina: Kavira Hortense, anaitwa Mama Sandrine
Umri: miaka makumi ine na munane
Kazi: muuzaji wa unga ya muhogo na makayabu (samaki ya chumvi), soko kubwa
Makao: quartier Lumumba, Bunia. Alizaliwa Butembo
Masomo: mwaka wa pili wa secondaire
Mbele ya: OPJ (officier de police judiciaire) Baudouin

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nimekuja juu ya mutoto yangu Sandrine Masika, miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ku université, mwenye iko hapa tangu siku ya ine jioni. OPJ ameniambia niseme tu kile niliona na kile nilisikia. Nimekubali. Lakini aandike kwanza kwamba Sandrine alimaliza secondaire na asilimia makumi saba na mbili, na mu kalasi yao hakuna mwingine aliyefika hapo. OPJ anasema hiyo haiko ndani ya affaire. Nimeomba aandike hata hivyo. Ameandika.

Sandrine iko mu club ya débat. Ni vijana wanaopewa sujet moja, kundi moja inaitetea, kundi ingine inaipinga. Yenye inatetea wanaiita Gouvernement. Yenye inapinga wanaiita Opposition. Si miye niliwapa haya majina, ni desturi ya débat. Mwaka uliopita walijadili juu ya mashamba na mipaka, na viti viliruka mu salle. Kwa hiyo mwaka huu wakubwa wa club walisema wachukue kitu chenye hakina kabila. Wakachukua meli za vita zenye zinabeba ndege. Siye hatuna bahari, walisema, hakuna mutu atakasirika.

Débat yenyewe ni leo siku ya posho, saa nane, na sujet ni hii: je, meli ya kubeba ndege ichukue ndege za vita zenye zinapaa kwa mwendo mufupi na kutua wima, ama ndege za kawaida, zenye zinarushwa na mashini na kukamatwa na kamba ya chuma wakati zinarudi? Gouvernement wanatetea ya kutua wima. Wanasema meli yake inaweza kuwa ndogo, haiombi ile mashini wala ile kamba, na bahari ikichafuka ndege inasimama hewani, inangoja, kisha inashuka polepole. Opposition, ndiyo Sandrine, wanakataa. Ninaweza kueleza namna wanakataa, maana nilisikia kila jioni kwa wiki tatu.

Mnamo siku ya pili (Jumanne) tarehe 5 mwezi wa tano, saa kumi na mbili jioni, nilirudi toka soko na beseni kichwani. Sandrine alikuwa mu kiwanja na daftari yake. Akaniangalia, akasema, "Mama, usitue kwanza."

Nikasema, "Weye! Shingo yangu ni ya chuma?"

"Mama, subiri kidogo. Ukiwa peke yako, bila mutu wa kukutua, unaweza kushusha kilo ngapi polepole bila kumwaga?"

Nikajibu, kilo kumi na tano.

"Na kama mutu iko anakupokea?"

"Kilo makumi tatu, na wimbo juu yake."

Mutoto akaruka. Akasema, "Voilà! Ndege nayo inatua. Ile ya kutua wima iko peke yake, hakuna kamba ya kuipokea. Kwa hiyo inabeba kidogo. Na kama haikutupa mabomu yake, inarudi nzito, inaweza kuombwa iyamwage mu bahari kwanza." Akasema tena kwamba mashini ya kuisimamisha hewani inabebwa safari yote, na kazi yake ni ya dakika chache. Ni kama miye nibebe meza yangu ya soko kichwani kila fasi ninaenda. Ningeweka wapi makayabu?

Kisha akanichora mu daftari, kando ya ndege. Nimebeba beseni miaka makumi mbili. Hakuna mutu alishaniambia kwamba iko na akili ndani. Ile jioni sombe ku jiko iliungua na sikusikia harufu.

Mnamo siku ya tatu tarehe 6, saa tano asubuhi, nilikuwa ku meza yangu mu soko. Kando yangu ni Mama Viviane, anauza ndizi ya kukaanga. Mutoto wake Prince ndiye chef wa Gouvernement mu club. Miye na Viviane tunapendana, lakini tunachokozana. Akaniambia, "Mama Sandrine, siku ya posho ulete kitambaa, mutoto atalia machozi."

Nikasema, "Nani alie? Siku ya posho, saa nane, Sandrine ataangusha Gouvernement mbele ya watu wote!"

"Ataiangusha na nini, na unga?"

"Na ndege ya vita! Yenye haiombi piste ya kukimbilia, inatua wima. Kama meli iko Mahagi-Port ku ziwa, kabla ndizi yako ya kwanza iive, ndege iko juu ya kichwa yako."

"Gouvernement yangu iko na nguvu. Haitaanguka."

"Itaanguka kama gunia! Opposition iko tayari."

Hayo ndiyo maneno. Ninayasema jinsi nilivyoyasema. Na ndani yake niliweka kosa, maana ndege ya kutua wima ni ya upande wa Prince, si yetu. Nilichanganya juu ya furaha. Nilisema kwa sauti, na sauti yangu ni ya soko. Neno débat sikulitaja. Kwa miye na Viviane ilikuwa inajulikana.

Nyuma yetu alikuwa Lucien, muuzaji wa unités ya telefone, ametupa mugongo. Nilimuona anazima radio. Kisha akakunja parasol yake na akaenda. Nikafikiri ameona mvua inakuja. Simulaumu. Kama ningekuwa ku kiti yake, ningekunja pia.

Mnamo siku ya ine tarehe 7, tangu saa mbili asubuhi, watu walinunua unga kwa haraka, bila kujadili bei. Saa kumi mama mumoja, mukiliya yangu, akaniinamia akasema, "Hujasikia? Opposition iko na ndege tatu za vita Mahagi-Port, ndani ya ziwa. Zitatua hapa siku ya posho saa nane. Hazina haja ya piste. Tena ni muschana ndiye anaongoza."

Sikuyatambua. OPJ ameuliza mara mbili, na ninajibu mara mbili: yalikuwa maneno yangu na sikuyatambua. Yalikuwa yamekomaa. Nikatoka ku barabara, nikaona magodoro ikipita juu ya moto, zile pikipiki, na bibi mumoja amebebwa katikati ya wanaume wawili. Magodoro juu ya moto ninaijua tangu vita ya mwaka wa 2003. Sisemi zaidi hapo. Nikafunga makayabu yangu, nikatembea mbio kwenda nyumbani kuchukua Sandrine tukimbie.

Nilifika saa kumi na moja. Polisi wawili walikuwa wameshafika. Sandrine alikuwa amesimama mu kiwanja, na mumoja wao alikuwa na daftari yake mu mukono. Mwingine akauliza, "Nani alisema mu soko kwamba siku ya posho Gouvernement itaanguka?"

Hapo ndipo nilielewa.

Sandrine akaniangalia. Akasema, "Ni miye."

Nilikuwa nimesimama na beseni kichwani. Sikutua, wala sikusema kitu. Niliogopa. OPJ aandike vile: niliogopa. Walimuchukua bila kumupiga, na alitembea vizuri, shingo wima. Nilibaki mu kiwanja mpaka jirani alikuja kunitua.

Mnamo siku ya tano tarehe 8, saa sita, nilimuletea chakula. Nikamuambia ninaenda kusema ukweli. Akajibu, "Mama, nyamaza. Weye iko na tension ya damu, daktari alikataza hata chumvi. Utalala chini ku hii sakafu ya sima? Miye ningali kijana." Nikarudi nyumbani nikanyamaza siku moja mingine. Hiyo nayo iandikwe.

Leo nimesikia kwamba saa kumi na moja jioni masaa makumi ine na munane ya kizuizi inaisha, na dossier itapanda ku parquet, kwa mwendesha mashtaka, na jina yake, juu ya kutaka kuangusha serikali. Kwa hiyo ninasema: maneno ni yangu. Siku ya tatu saa tano Sandrine alikuwa mu auditoire ya université, aliweka sinyatire ku liste ya présence ya wanafunzi. Tena yeye hangeyasema vile hata angetaka. Yeye angeyasema bila kosa.

OPJ ameniuliza, "Mama, hiyo Gouvernement yenye mulitaka kuangusha, iko wapi?"

Nikamujibu, "Chef, imeketi inje ku banc. Imevaa cravate. Inakula ndizi ya mama yake."

OPJ ametoka kuangalia. Amerudi, ameketi, amefungua daftari ya Sandrine.

Kisha amenionyesha ukurasa wa daftari. Mu rapport ya kwanza waliandika: ndege ya vita, na kando yake mutu mwenye kubeba munition, masasi ya vita, kichwani. Ameuliza huyo mutu ni nani. Ni miye. Ile munition ni makayabu. Uso amenipatia vizuri sana, lakini miguu yangu haiko hivi.

Nilichokuja nacho nimekitua chote hapa. Nimesomewa kwa Kiswahili nikasikia ni sauti yangu. Kama bado kunatakiwa mutu wa kubaki, nimekuja na blanketi.

Sinyatire: Kavira H.

Nota ya OPJ: Mama Viviane na mutoto wake Prince wamesikilizwa, wanakubaliana na maelezo haya. Liste ya présence imehakikishwa. Nimemuuliza Sandrine Masika sababu ya kujitaja. Amejibu kwamba mama yake alimubeba mwaka wa 2003 na hakumutua njiani. Sandrine ameachiliwa saa sita na nusu pamoja na daftari. Ukurasa wenye picha ulipaswa kubaki mu dossier. Mwanafunzi alisema bila huo hana hoja ya pili. Amepewa. Mu dossier imebaki copie.

Shahidi ameonywa asitangaze tena mu soko mambo ya débat bila kutaja neno débat. Alitoka na blanketi yake. Kisha dakika mbili nilimusikia toka barabara, akiwaambia watu wa moto kwamba hata OPJ anakuja saa nane kuona Gouvernement ikianguka. Neno débat alilitaja. Alilitaja mara tatu.

OPJ Baudouin