Mifuko Uliyobeba Bila Kufungua

Mume wangu, Tata Mbombo,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Leo ni siku ya tisa tangu binti yetu Mbombo awekwe kizuizini. Anashtakiwa kuwa na bangi.

Alikuwa akirudi na lori kutoka Lubudi, na unga wake wa kuuza Kasulo, kwa wachimbaji wa madini. Pale Lubudi mwanamke asiyemfahamu alimpa mfuko wa maharagwe: "Dada, unifikishie kwa kaka yangu, atakungojea sokoni." Mbombo akaupokea. Polisi wa kizuizi cha barabarani waliufungua, na chini ya maharagwe kulikuwa na bangi. Yule kaka hakuonekana, na simu yake imezimwa. Kwa kuwa Mbombo huwauzia wachimbaji unga, kila mtu akajiona amekwisha kuelewa kwamba huwauzia na bangi.

Unakumbuka ugomvi wetu wa kwanza? Ulikuwa ukifanya kazi kwenye treni, na kila safari ulirudi na mizigo ya watu: viatu, dawa ya mama wa fulani, mara moja kuku aliyetaga chini ya kitanda chetu. Nilikuambia, "Fungua, ujue unachobeba." Ukajibu, "Kufungua mzigo wa mtu ni kumwita mwizi." Tuligombana hivyo miaka thelathini, na Mbombo tangu udogo wake alikaa magotini pako, akikusikiliza wewe.

Polisi walimwekea mbele karatasi ya Kifaransa. "Tia saini, mama, uende nyumbani." Akatia. Karatasi ilisema mfuko ni wake. Hilo limeniuma kuliko bangi. Mtoto wa mwalimu ametia saini asichokisoma!

Mdogo wako alikuja kunishauri. "Shemeji, tupange na bakubwa, tubape kitu kidogo, haya ya jamaa ipite." Kwenye lango la ofisi ya mwendesha mashtaka nikakutana na bwana mmoja mwenye mkoba unaong'aa, aliyejiita avoka, yaani wakili. "Mama, usijichokeshe. Nitaongea na mukubwa. Mutoto aitike kosa, aombe pardon." Nikamwuliza jina la binti yangu. Hakulijua, wala hakuwa ameliuliza. Nikamwomba kadi yake ya uwakili.

"Mama, uko polisi?"

"La. Mimi ni mwalimu."

Akaenda kumtafuta mteja mwingine. Mimi sitaomba msamaha kwa kosa ambalo mtoto wangu hakulitenda, hata mji mzima ukiniona mkaidi.

Nilikwenda katika ofisi ya mawakili inayowapokea wasio na uwezo. Wakili tuliyepewa ni mwanamke kijana, Maître Kabedi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuisoma ile karatasi kabla ya kusema lolote. Polisi walikuwa wamemweka Mbombo siku tano kituoni mwao, na katiba inawapa saa arobaini na nane tu kabla ya kumfikisha mbele ya sheria. Wala hawakumwambia kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Haya yote atayasema mahakamani. "Tena, mama, kubamba mutu na mufuko haitoshe. Banapashwa kuonyesha kama alijua bitu bilikuwa ndani."

Nikamwuliza kama atamtoa. "Siahidi kitu, mama. Tutapigana." Kwa jibu hilo nikamwamini.

Kisha akaniuliza, "Lakini nani atasadiki kama mutu anabeba mufuko wa mutu bila kufungula?"

Sikia, Tata Mbombo. Lilikuwa swali langu mwenyewe, nililokuuliza miaka thelathini. Nikajibu, "Baba yake." Nikamtajia mizigo yako mmoja mmoja, naye akaandika. "Benye mizigo bangali wazima?"

Nikapanda lori kwenda Lubudi, wanakoishi wengi wa wenye mizigo hiyo. Wanawake wanne wamekubali kuja kutoa ushahidi. Mwenye kuku sasa anatembea kwa fimbo, lakini sauti anayo: "Bwana wa treni? Ule hakufungula hata kitunga ya kuku yangu, na kuku ilikuwa inalia!"

Alhamisi tutasimama mbele ya hakimu. Akiniuliza kama ninaikubali desturi hiyo ya kubeba bila kufungua, nitasema kweli: siikubali. Nilimgombeza mume wangu mpaka alipofariki, kwa sababu hakufungua hata siku moja mzigo aliobeba, na alimlea binti yake vivyo hivyo. Nani atashuhudia hilo vizuri kuliko mke aliyelipinga?

Usidhani umeshinda. Nilipoondoka Lubudi, mwenye kuku alinipa kifurushi cha kumpelekea Mbombo. Nilikifungua palepale, mbele ya macho yake. Zilikuwa karanga. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka.

Alhamisi nitakutetea kwa sauti yangu yote. Nikirudi nyumbani na binti yetu, nitaendelea kukugombeza.

Mkeo,
Mama Mbombo