Zulia Liko Kwenye Theluji, Temirlan, na Utalipiga Wewe

Mwanangu Temirlan,

Mimi na mkeo tumempeleka mwanao Aizirek zahanati. Supu ya kondoo iko jikoni, ~~ipashe moto~~ inywe ikiwa baridi.

Asubuhi mwanao alitambaa kwenye ule unga wako wa kusafishia zulia, akanyonya vidole, midomo ikamvimba. Paka alijilamba miguu akatoa povu la kujaza ndoo mbili. Nimemwosha, amelala juu ya koti lako jipya. Usimwondoe.

Jana nilikuambia, "Soma kopo, au zulia tulipige kwenye theluji." Ukanicheka: "Baba, wewe na theluji yako, huo ushamba!" Kopo linasema unga ufyonzwe kwa mashine kabla mtoto au mnyama hajakanyaga. Ukaenda kulala.

Zulia nimelilaza uani juu ya theluji, uso chini. Fimbo iko mlangoni. Lipige, ulihamishe, ulipige tena, mpaka theluji chini yake ibaki nyeupe. Marehemu babu yako alipiga siku tatu, mbwa mwitu wakaja kumpokea fimbo.

Wazee wote wa mtaa watakuja saa kumi kukutazama. Nimewaeleza sababu.

Daktari akisema mtoto hajambo, ~~nitawaambia waende zao~~ nitawapikia chai wakae mpaka umalize.

Baba yako