Upande Wangu wa Piano

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya mia moja na kumi na tano ndani ya eda. Nimeshahesabu vigae vyote vya sebule. Nimefuma vitambaa vya makochi yote, hata la wifi yangu Nihal, ambaye hapendi vitambaa.

Saa kumi Mwalimu Erasmus akaanza. Ukumbi wa parokia uko nyuma ya ukuta wetu tu. Piano ni ile ile tuliyokuwa tukiicheza pamoja kila Jumatano, miaka tisa — yeye sauti za chini na jazi yake ya bendi za hoteli, mimi za juu na vipande vya kizamani nilivyofundishwa na masista nikiwa msichana. Hatuandiki kitu. Mmoja anaanza, mwingine anamfuata, anamchokoza, tunabuni hapo hapo. Marehemu mume wangu Yaser alikuwa anakaa nyuma na gazeti, anajifanya hasikilizi.

Leo Mwalimu kacheza upande wake tu. Alipofika mahali pangu akanyamaza — akangoja — akaendelea. Ananiachia nafasi! Nikamjibu kwa vidole juu ya meza. Nihal akauliza kama nimeanza kutetemeka.

Jumapili, 11 Agosti

Mama Ng'washi, muuza maziwa, kaja na habari. Mwalimu anahama. Macho yake yamekwisha, binti yake anamchukua akaishi naye Kigoma. Basi la Jumatano tarehe 21, alfajiri.

Mimi natoka eda Jumamosi tarehe 24. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani tangu Aprili. Jamaa wa Nzega wameshaalikwa kuja kunitoa.

Siku tatu!

Nimemlilia Yaser leo, halafu nikamkasirikia kwa kufa tarehe aliyokufa. Mungu anisamehe.

Jumatano, 14 Agosti

Kacheza tena. Taratibu mno. Ningeumwa jino ningeruhusiwa kwenda hospitali Kitete, na njia inapita mlangoni pa ukumbi. Meno yangu yote mazima.

Jumatatu, 19 Agosti

Bi Asmahani, mke wa shehe, kaja kunitazama. Akaiona kalenda yangu, akacheka mpaka akashika ubavu. Nani kanidanganya kwamba eda inahesabiwa kwa kalenda ya duka la vipuri? Ni kwa miezi ya kuandama, mwanangu! Akahesabu miezi minne na siku kumi vidoleni, mara mbili. Yaser kafa tarehe tano ya Mfungo Mosi, siku nne baada ya Idi. Natoka kesho, magharibi!

Miaka thelathini ya kufundisha shule, naishi kwa tarehe za serikali. Wala sikufikiri.

Nihal hakucheka. Nikamtazama. Alijua! Anasema alijua tangu mwanzo, ila Jumamosi inawafaa wageni, na siku nne si kitu. Si kitu!

Jioni nikamtuma Mama Ng'washi kwa Mwalimu: kesho, ikishaadhiniwa magharibi. Jibu likaja na maziwa. Atakuwepo, atacheza mpaka nifike.

Jumanne, 20 Agosti

Adhana imetoka. Nimeoga, nimebadili nguo, nimeswali. Nikajipaka manukato kidogo, ya kwanza tangu Aprili.

Nihal ameweka kiti mlangoni, anachambua mchele. Anasema kwa dini niko huru, yeye hanizuii. Lakini mji mzima unajua ni Jumamosi. Mjane wa Yaser aonekane leo, ananukia, anaingia ukumbi wa kanisa kwa mwanamume? Na hao wageni watakuja kumtoa eda nani? Hasemi kwa hasira. Analia. Yaser alikuwa kaka yake.

Naandika ili mikono ipate kazi.

Mwalimu ameanza. Upande wake tu — ananyamaza — anangoja. Halafu anarudi pale pale. Hii mara ya sita, na kila mara anangoja zaidi.

Nimevaa kiatu kimoja. Nihal ameacha kuchambua mchele, naye anasikiliza. Kiti hajakisogeza.