Mchezo wa Baba

Buterere, Jumapili, saa nane mchana

Baba Lubna,

Salamu zikufikie hapo pakavu ulipo. Huku mvua inanyesha tangu alfajiri. Maji yamefika mlangoni, nami nimepandisha mchele na magodoro juu ya meza peke yangu. Watoto nimewafungia ndani wasikanyage maji ya choo. Nimewasimulia hadithi mpaka sauti imenikauka, kisha wakabuni mchezo wao wenyewe.

Shakuru alivaa koti lako, akashika rimoti kama simu. "Mama Lubna, barabara ya Gatumba imekatwa na maji. Mi nalala huku huku."

Nilicheka. Ndiyo maneno uliyoniambia asubuhi.

Lubna naye akajifunga kitenge changu, akamletea sahani tupu. "Kata simu, Baba Lubna, chakula kinapoa."

Nikamuuliza polepole, "Huyo ni mimi?"

"Apana, mama. We uko kwenye simu. Huyu ni Tantine Orlane wa mtaa wa Asiatique, kule mjini, anakaa juu ya duka la vitambaa. Tulikula samaki kwake. Baba alisema tusiseme, lakini huu ni mchezo tu."

Sikumpiga, wala sikulia. Nimewavalisha mabuti.

Barua hii haiendi Gatumba. Lubna anaujua mlango. Maji yakipungua kidogo tu, tutakuletea wenyewe, sisi watatu pamoja na magodoro.

Ni mimi wa kwenye simu,
Fatouma