Mkono Ambao Haukuinuka

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Leo kumepambazuka na manyunyu mepesi, kisha wingu likapasuka na jua likatoka kali.

Mwaka mzima umetimia, mume, baba na kaka yetu, tangu ulipotutoka ukiwa umeketi kitini, penseli mkononi, sote tukikutazama. Bado tumeduwaa. Mgonjwa huagwa. Wewe asubuhi ile ulikunywa chai vikombe viwili, ukamtania mkeo kwamba kitambaa chake cha kichwa ni cha rangi ya wapinzani, ukatoka na meza ya kukunja begani. Nani angejua?

Ulikuwa fundi wa kushona makochi. Kriketi ilikukuta karakanani, mwalimu wa shule ya jirani alipoleta kinga za miguu zilizochanika. Ulizigeuzageuza, ukauliza, "Mwalimu, hizi ni za miguu ya mtu au ya meza?" Ukaenda kuona zinavyotumika, na hukurudi ukiwa mtu yule yule. Masalio ya sponji ukayafanya kinga, vipande vya ngozi ukavifanya glavu. Katikati ya uwanja wa shule ukatandika mkeka mnene wa nyuzi, ukaupigilia misumari pembeni ili mpira udunde sawasawa. Timu za wanawake nchi nzima zilikuwa tatu. Ya nne uliianzisha wewe, kwa wasichana kumi na mama mmoja muuza mboga.

Vijana wa kandanda waliwacheka. "Fundi, mchezo gani huo watu wanapumzika kunywa chai?"

Uliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye msumari: "Na ninyi mnaocheza dakika tisini bila bao, mnarudi nyumbani na nini? Jasho?"

Mmoja wao alibaki kutazama. Baadaye ukamfundisha, akawa mwamuzi wetu.

Kazi yako siku ya mechi ilikuwa daftari. Kila mpira uliorushwa uliuwekea alama yake. Sheria ya mchezo ni kwamba mwamuzi akitoa ishara, mwandishi ainue mkono kuonyesha ameiona. Kabla ya hapo mpira mwingine haurushwi. Nawe ulikuwa na desturi yako: kabla ya kuinua mkono ulifumba macho ukamshukuru Mungu, hata waliopata wakiwa wapinzani.

Desturi hiyo ndiyo iliyotuponza. Siku ile binti yako, nahodha, aliupiga mpira ukavuka kamba ya mpaka. Mwamuzi akapunga mkono huku na huku, ishara ya mikimbio minne, yaani pointi nne, akakuangalia. Ulikuwa umeinama, macho umefumba. Akapunga tena.

"Fundi, hesabu imekushinda?" muuza mboga alipaza sauti. "Ni nne tu, si arobaini!"

Watu wakacheka. Mwamuzi akaanza kukujia, na mkeo, aliyeketi kwenye benchi nyuma yako, akamzuia kwa mkono.

"Mwacheni. Anasali."

Wakakuacha. Uwanja mzima ukanyamaza kwa heshima, wachezaji wamesimama juani, wanangoja umalize. Tulikungoja, kumbe ulikwisha kwenda. Upepo ulipofunua kurasa za daftari na mkono wako usizizuie, dada yako alikugusa bega. Kisha akamgeukia mkeo. "Wifi," akasema. "Wifi, njoo." Hakuweza kusema lingine.

Daktari alituambia moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata yeye angekuwa ameketi pale asingekuwahi. Mkeo amelisikia neno hilo, ameliombea, amelifungia saumu siku saba. Lakini lake mwenyewe bado linamchoma: mwacheni, anasali. Mwaka mzima hakukanyaga uwanjani. Alitoka nyumbani kwenda ibadani, na kwenda darasa la jioni la kusoma na kuandika ulilomwandikisha wewe akiwa na miaka arobaini na tisa, ukimwambia elimu haina kuzeeka.

Na timu yako ilikuwa inazimika. Wiki mbili zilizopita ililetwa barua ya chama cha kriketi: ligi ya wanawake inaanza mwezi ujao, na timu isiyo na mwandishi wake haitapokelewa. Wasichana wanajua kurusha na kupiga. Kuandika uliachiwa wewe peke yako, kana kwamba mauti hupiga hodi kwanza. Kosa hilo ni letu sote. Binti yako alimwekea mama yake barua ile mezani.

"Mama, umekaa nyuma yake miaka yote. Alama zote unazijua."

"Nazijua kwa macho. Mkono wangu bado mzito, mwanangu. Mpaka nimalize alama moja mmesharusha mipira mitatu."

"Hatutarusha. Tutakungoja."

Mkeo aliinuka kama aliyeungua. "Usiniambie habari ya kungoja!"

Binti akalia, naye akamkumbatia, na barua ikabaki pale pale bila jibu.

Leo tumekwenda uwanjani pamoja. Tumesali tumesimama kando ya mkeka uliolowa. Mkeo tulimshika huku na huku. Mwamuzi akavua kofia.

"Mama, nisamehe. Ningekuja tu, nisingekusikiliza."

"Ulinitii, baba. Mtii hana kosa," mkeo akamjibu. "Na mimi nililinda sala ya mume wangu. Mungu anajua. Sijui kama mimi nimeshajua, lakini Yeye anajua."

Akakitazama kiti chako kitupu, tulichokuja nacho, tusijue kama atakaa au atakimbia. Hakukaa. Alisimama nyuma yake, akakishika mgongo kwa mikono miwili.

Wanaokukumbuka ndio waliokuwa mashahidi wa alichosema: binti yako nahodha, mwanao wa kiume na mkewe, dada yako, shemeji zako wawili, wajukuu, mwamuzi, muuza mboga na wasichana wote wa timu. Hakuna siku itakayopita bila wewe kutajwa kwetu, maadamu tunapumua. Mkeo alisema kwa sauti, kila mtu akisikia:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, mechi ya kwanza nitaandika mimi, na ya pili, na zote atakazonijalia. Nikikosea, nisahihisheni. Na mkiniona nimenyamaza, njooni mniguse. Hata kama nasali."