Kopo la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Wifi kaleta zawadi: kopo la mafuta ya kupuliza. Bonyeza, fyuu! Kikaango kinang'aa, yai halishiki. Nimekaanga mayai matatu kwa mafuta yasiyojaza hata kijiko. Mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mafuta ya kupuliza? anauliza. Kwani tunaua mende? Nikageuza yai. Tangu ahamie kwetu Januari tunaongea kwa adabu tu, kama watu wa foleni moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi kutoka saluni — mlango wa chumba cha mama mkwe haulii! Ule uliokuwa ukitukwaruza masikio kila alfajiri. Kapuliza bawaba kwa lile kopo. Kapuliza zipu ya begi langu. Kapuliza kijiko cha kupimia asali, asali ikateleza yote bila kubaki tone. Anasema, mwanangu, hiki kitu kina akili.

Mwanangu! Miaka sita ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kapuliza kikaango kikiwa tayari motoni. Moto ukaruka mpaka usoni! Nikamvuta nyuma, nikazima gesi. Na kopo lenyewe alikuwa ameliweka usiku kucha — hapana, tangu asubuhi — ubavuni mwa jiko, la moto kama kikombe cha chai. Je, kama lingelipuka? Nilifoka. Nikasahau kabisa kwamba ni mkwe. Nikamwambia makopo haya yanasukumwa na gesi, saluni tunayaogopa, na gesi haijui huyu ni mama wa nani.

Nilingoja ugomvi. Akakaa kwenye kigoda, akagusa uso. Unyusi wa kushoto umebaki nusu. Inaonekana sana? akauliza, sauti ndogo.

Nikamchorea kwa penseli yangu ya saluni. Kwa haraka nikazidisha — akawa kama mtu aliyepewa umbea mzito. Tulicheka mpaka machozi. Baba watoto akaja mbio kuuliza kuna nini, akakanyaga vigae vilivyorukiwa na mafuta, chali! Kiuno kinamuuma, heshima zaidi.

Sasa tunapuliza kikaango kikiwa baridi, juu ya sinki. Kopo liko kabatini, mbali na jiko. Mama mwenyewe kalihamisha.

Jumatatu, 17 Machi

Bawaba zimegoma. Zinanata, zimejaa vumbi na nywele. Kaitwa seremala wa mtaa wa nyuma, mzee mpole, mjane kama mama. Anasema mafuta ya kula yanalainisha siku mbili tatu, kisha yanageuka gundi. Mama akabisha. Akabishiwa. Wamebishana nusu saa nzima, mlango umeshapona zamani!

Akiaga: mkikwama, niiteni. Mama: na tusipokwama?

Nimesikia kwa masikio yangu mawili.

Alhamisi, 27 Machi

Seremala kaja tena "kukagua bawaba". Mara ya tatu. Baba watoto anamsifu: fundi mwenye bidii! Wanaume jamani.

Jumapili, 30 Machi

Naandika jikoni, vidole vina mafuta, karatasi itanisamehe.

Seremala anakuja saa kumi. Safari hii na dada yake, si na nyundo. Asubuhi mama kanishika mkono: mwanangu, nisaidie kuvua pete. Miaka tisa ya ujane haijatoka kidoleni. Siwezi kumkaribisha mtu, anasema, huku nimemvaa mwingine.

Tukachukua kopo. Fyuu, fyuu, juu ya sinki. Zungusha, vuta. Imefika kwenye kifundo, imekataa. Marehemu alikuwa king'ang'anizi hivyo hivyo, kasema mama, akacheka, kisha hakucheka. Nikamshika tu.

Kidole kimevimba. Nimemwambia anyooshe mkono juu dakika kumi, damu ishuke, halafu tujaribu tena. Baba watoto hajui lolote. Nani amwambie? Mimi siwezi. Pete ni ya baba yake!

Saa tisa na nusu. Viatu vya baba watoto hivyo barazani.

Kaingia. Ananusa, anauliza nani anakaanga. Anamwangalia mama: mbona umenyoosha mkono kama mwanafunzi?

Mama hajaushusha. Anasema, kwa sababu nina swali, nalo ni la pete hii. Vuta kiti, mwanangu.

Kavuta kiti —