Mwenye Hoteli Anayetaka Kusukumwa

Dada Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka Machakos, kwenye baridi na muthokoi mtamu wa mahindi na maharagwe, ila nimewaka hasira. Jana alikuja nyumbani kwa mama mkwe mtu anayejenga hoteli hapa mjini. Aliposikia natoka Mombasa, akaniomba nimweleze vile vigari vya reli vya zamani, vilivyosukumwa na watu kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, kila mkubwa wa serikali ya kikoloni na reli yake mpaka mlangoni pake, kabla motokaa hazijaja na reli zikang'olewa. Anataka kutengeneza kimoja cha kuwabeba wageni wake kutoka getini.

"Vijana watasukuma wakiwa na kofia nyekundu," akasema. "Watalii watapenda sana."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Baba yake alitoka Kalama kwenda Mombasa kusukuma vigari hivyo, akarudi kifua kimeharibika, hata jembe hakuweza kushika tena.

"Na wewe utasukuma ama utakaa?" akamuuliza.

"Mimi niko na wageni, mama. Nitakaa nao."

Na akacheka, dada! Mama akamwonyesha mlango, nami nikaenda kuufungua kabisa.

Nasikia sasa anatafuta Mpwani mwingine wa kumwelekeza. Akifika huko kwetu, hata maji usimpe.

Wabusu watoto. Mama mkwe anakusalimu sana. Tangu jana ananisimulia habari za baba yake, nami namsikiliza. Aliitwa Mutua.

Mdogo wako,
Rukia